Mstari wa njano usiovuja

Modeli iliyo mezani kwangu ni Hiace ya kipimo cha 1/24, na kwa kuwa naishi Buruburu, Nairobi, lazima iwe matatu. Bila mstari wa njano hiyo ni gari ya kusambaza mikate tu. Sheria za matatu za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, zilizoanza kazi Februari 2004, zilitaka mstari wa milimita 150. Gawa kwa 24, unapata 6.25. Mimi hukata 6 kamili. Hiyo robo hakuna trafiki atakayeipima.

Osha plastiki kwa sabuni ya vyombo kabla ya andakoti. Niliwahi kuruka hapo, na siku ya kubandua tepu ikaondoka na kila kitu, nikabaki nikitazamana na plastiki tupu. Kisha piga bodi nyeupe, uiache siku mbili. Julai, baridi ikishika, ngoja nne.

Tepu ya karatasi ya kwenye hadwea usiibandike ilivyo. Gundi yake ni kali na ukingo umeokota vumbi. Ilaze juu ya kioo, weka rula ya chuma, kata ukingo mpya kwa wembe mpya. Halafu ibandike na kuibandua kiganjani mara mbili tatu ipoe makali.

Kata pia kipande cha milimita 6, ukiweke pale mstari utakapopita. Bandika tepu juu na chini yake zikikigusa, kisha kitoe. Kwenye kona za nyuma tepu pana hujikunja. Tumia vipande vya milimita 2, hivyo hukubali kupinda.

Matata yako kwenye mlango wa kusukuma. Rangi ikiingia kwenye ule ufa wake hutambaa chini ya tepu kama maji kwenye mtaro. Sukumia tepu ndani kwa kijiti cha meno, polepole, mpaka ufa ujichore wazi juu yake.

Sasa usikimbilie njano. Puliza kwanza nyeupe ileile ya bodi kwenye kingo. Penye upenyo itaingia nyeupe juu ya nyeupe, hakuna atakayeiona, na upenyo utazibika. Ikikauka, piga njano mikono mitatu myembamba.

Bandua rangi ikiwa bado laini kidogo, ukiikunja tepu ijirudie yenyewe. Nukta ya njano ikiwa imeruka, weka brashi chini. Ngoja kesho, uikwangue kwa kijiti kilekile cha meno.