Unataka kuanza voisi ova, kazi ya kurekodi sauti yako kwa malipo? Maiki iache kwanza

Kila mara kuna mtu ananifuata, "kaka watu wote wananiambia nina sauti ya redio, ninunue maiki gani?" Swali huwa ni hilohilo, maiki. Hiyo laki tatu yako ikae mfukoni kwanza.

Chukua gazeti, au hata kile kikaratasi cha maelekezo kwenye boksi la dawa, soma kwa sauti dakika 5 bila kusimama huku unajirekodi na simu. Usisikilize siku hiyohiyo, sikiliza kesho yake asubuhi. Wengi wetu sauti tunazo ila kusoma hatujui, tunasoma kama mwanafunzi aliyesimamishwa na mwalimu, kila sentensi inashukia palepale. Hapo ndio utajisikia pia kama r na l zinakupishana, kama dhahabu inatoka "zahabu" na thelathini inatoka "selasini". Sio kosa la jinai, kila mtu ana kwao, na kuna matangazo yanaitafuta hiyo lafudhi ya kwenu kabisa, ila lazima ujue unayo ili ukiambiwa uiache uweze kuiacha. Mteja wa Nairobi anaweza kutaka Sheng kidogo ndani, wa Dar ukimpelekea hiyo anakurudishia faili.

Halafu namba. Namba ndio zinaumbua watu, afadhali hata majina ya wazungu. Skripti nyingi zinaletwa zimetafsiriwa toka Kiingereza na aliyetafsiri hakushika saa, sasa mwenzako wa Kiingereza "2025" anaimaliza kwa silabi 5, wewe "elfu mbili ishirini na tano" ni zaidi ya mara mbili yake, na bado hujafika kwenye *150*00# ambayo unatakiwa useme nyota mia moja hamsini nyota sifuri sifuri alama ya reli, halafu umalizie na vigezo na masharti kuzingatiwa, yote ndani ya sekunde 30 na usikike unafurahi. Kwa hiyo fanya mazoezi na saa mkononi, na jifunze kumwambia mteja kwa adabu kwamba bosi hapa maneno yapunguzwe, maana ukikimbiza tu kila mtu atasikia unakimbiza. Na saa zenyewe ziangalie, mimi niliwahi kupewa tangazo la shoo limeandikwa 7 PM nikasoma saa saba usiku badala ya saa moja, likarushwa siku mbili nzima ndio mtu akashtuka, na kurudia nilirudia bure.

Chumba sasa. Hapa ndio pesa yako inatakiwa iende kabla ya maiki, na bahati nzuri haihitaji nyingi. Maiki ya bei mbaya kwenye chumba chenye sakafu ya vigae na ukuta mtupu itakurekodia mwangwi wa bei mbaya. Trei za mayai ukutani hazizuii kelele, najua kila studio ya mtaani wamebandika, lakini kinachosaidia kumeza mwangwi ni vitu vizito na laini, magodoro, mablanketi, kabati lililojaa nguo, ukikaa katikati yake umeshapata nusu ya studio. Kelele za nje hazizuiliki hivyo, hizo unazikwepa tu. Kaa siku moja na daftari uandike nyumba yako inalia nini saa ngapi, bodaboda, adhana, jogoo wa jirani, jenereta la salun, friji likijiwasha. Mimi kazi zangu nyingi nilirekodi saa nane mpaka saa kumi usiku, na mvua ikianza juu ya bati nafunga laptopu nalala. Feni izimwe hata kama ni Januari na unatoka jasho, na simu uizime kabisa, sio kuiweka mtetemo juu ya meza moja na maiki. Ukitaka kipimo, ACX ya Amazon inayopokea vitabu vya sauti inataka ukimya wa chumba uwe chini ya -60 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), rekodi sekunde 10 bila kuongea uone unasoma ngapi.

Vifaa sina mengi. Maiki ya USB inatosha kuanzia, hedfoni za kufunika masikio, na Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti ambayo ni ya bure. Kaa kama shubiri moja toka kwenye maiki, na mbele yake weka soksi ya nailoni umeivutia kwenye waya wa henga, bila hivyo "pata punguzo papo hapo" itapiga kama ngoma. Hifadhi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti.

Demo, yaani sampuli ya kazi zako, isizidi sekunde 90 na kazi iliyo bora ianze, wasikilizaji hawana subira. Amua pia unaelekea wapi maana kila kazi ina ufundi wake: matangazo, sauti za huduma kwa wateja, masomo, au kuingiza Kiswahili kwenye tamthilia kama zile za Kichina zilizoanza kushika kasi TBC iliporusha ile ya Doudou na mama wakwe zake 2011, huko ni kuigiza kabisa na mdomo wa mtu kwenye skrini haukungoji. Ukituma demo WhatsApp tuma kama dokumenti, voisi noti inabana sauti.

Mwisho pesa, na hapa usione aibu. Kabla hujafungua mdomo muulize mteja tangazo linaenda wapi, redio au TV au mtandaoni, kwa miezi mingapi, nchi ngapi, na marekebisho mara ngapi, vyote viandikwe hata kwa meseji. Chukua advansi nusu. Uwe na TIN, namba ya mlipa kodi, makampuni hayalipi bila hiyo, na usishtuke kodi ya zuio 5% ikikatwa, dai cheti chake. Na siku hizi ongeza mstari mmoja kwamba sauti yako hairuhusiwi kufundishia mashine za AI bila makubaliano mengine, uuweke kabla hujatuma hata sampuli, maana ikishafika kwao huna namna ya kuirudisha.