Kabla hujaruka na parachuti: mambo ya kumaliza ukiwa bado chini

Wageni wengi wa mchezo huu wakifika Diani, pwani ya Kenya, huuliza swali moja tu: na isipofunguka je? Swali si baya, ila hilo wenzako wamelishughulikia zamani. Katika mruko wa tandemu, ule ambao mwalimu amekufunga kifuani kwake, mgongoni mwake kuna parachuti kuu na ya akiba, pamoja na kifaa kidogo cha elektroniki kinachopima mgandamizo wa hewa. Kifaa hicho kikiona mmefika kwenye futi 1,900 hivi na bado mnaporomoka kwa kasi, kinakata kitanzi kinachofunga ya akiba, nayo inatoka bila kuguswa na mtu. Sehemu yako wewe iko kwingine: mwili wako, mavazi yako, miguu yako na karatasi utakayotia saini. Hasa karatasi.

Mepesi kwanza. Usiruke na njaa, wala usiruke umeshiba kupita kiasi. Mahamri mawili na chai saa mbili kabla yanatosha, sahani ya mbaazi ingoje urudi. Pombe ya jana usiku ihesabu kama ya leo. Viatu viwe vya kamba, vilivyokaza, visiwe buti zenye vijindoano vya chuma, maana hivyo hunasa kamba za parachuti. Pete, hereni, cheni na simu mwachie mwenzio aliyebaki chini. Ukivaa hijabu, chukua ile ya michezo inayobana, ichomeke ndani ya nguo, na pini zote ziache nyumbani. Rasta na nywele ndefu zisukwe na kufichwa ndani ya kofia. Mwenye miwani aulize mapema kama wana ile mikubwa ya kuvalia juu.

Watu wa pwani hupuuza baridi. Kila ukipanda futi 1,000 joto hupungua kama nyuzi 2, kwa hiyo ukiacha nyuzi 30 mchangani, kwenye futi 12,000 unakutana na 6 hivi, na upepo wa kilomita 200 kwa saa unakupiga usoni. Singlendi na kaptura ni za picha ya kabla ya kupanda. Vaa mikono mirefu.

Uzito sema wa kweli. Vituo vingi huweka kikomo karibu na kilo 100, vingine huenda juu kidogo au hutoza ziada. Ukijipunguzia kilo 12 kwenye simu utakutana na mizani asubuhi, na arbuni yako huenda isirudi. Hapo hawakuonei. Uzito ndio unaoamua kasi ya kushuka na nguvu ya kutua, na mwalimu ndiye aliye nyuma yako mkigonga ardhi.

Ukiwa na mafua, ahirisha. Mtashuka kutoka juu kabisa hadi mchangani kwa dakika sita au saba, na sikio lililoziba haliwahi kusawazisha hewa. Maumivu yake ni ya kulia machozi, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Hata ukiwa mzima, parachuti ikishafunguka bana pua na upulize taratibu, umeze mate, urudie.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Diani na Wasini wanalihitaji kuliko watu wa bara, nalo ni kuzamia na mtungi. Mgeni ana siku tatu tu: Jumamosi anakwenda Kisite kuzamia mara mbili, Jumapili asubuhi anataka kuruka. Anapokuwa chini ya maji mwili hufyonza naitrojeni, na akipanda juu haraka kabla haijatoka, ile naitrojeni hutengeneza mapovu ndani ya damu na viungo. Miongozo ya wazamiaji husema subiri saa 12 baada ya kuzamia mara moja, saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa. Lakini soma vizuri: saa hizo zilipangwa kwa ndege za abiria, ambazo ndani yake hewa hubaki kama ya mtu aliye futi 8,000 au chini ya hapo. Ndege ya kurukia haina hewa ya kusukumwa, na mlango wenyewe pengine uko wazi. Futi 12,000 humo ni futi 12,000 kweli. Acha siku nzima ipite, saa 24 kamili, au panga kuruka kwanza kisha uzamie. Mpangilio huo wa pili haukugharimu kitu.

Sasa miguu. Walioumia katika tandemu mara nyingi hawakuumia hewani. Wameumia kwenye sekunde mbili za mwisho, parachuti ikiwa imefunguka vizuri kabisa, kwa sababu abiria alishusha miguu. Akili ya binadamu ikiona ardhi inakuja hutanguliza miguu, kama mtu anayeruka kutoka kwenye daladala. Mnakwenda mbele kwa kasi na uzito wa watu wawili. Kisigino kikichimba mchanga, kifundo kinabaki nyuma na mwili unaendelea. Dawa yake ni mazoezi ya nyumbani. Kaa ukingoni mwa kitanda, shika suruali yako chini ya magoti, vuta miguu yote miwili ijinyooshe mbele hadi nyayo ziwe juu kuliko makalio, hesabu hadi kumi. Kama tumbo linatetemeka ukifika sita, fanya kila siku hadi siku yenyewe. Hapa ndipo jinzi ya kubana inapoponza watu: magoti hayapandi. Vaa suruali pana ya kunyumbulika.

Hanesi, ile mikanda unayofungwa mwilini, ikishavalishwa, zijue sehemu nne unazofungiwa kwa mwalimu: mbili mabegani, mbili kiunoni. Mikanda ya miguu ikae juu kwenye kinena, isiwe katikati ya paja, na ule wa nyuma upite chini ya makalio. Ndani ya ndege hulegezwa kidogo ili ukae, kisha hukazwa kabla ya mlango. Ukihisi haikukazwa, sema, kwa sauti, hata kama injini inanguruma. Mlangoni shika mikanda ya kifuani, tupa kichwa nyuma kwenye bega la mwalimu, sukuma nyonga mbele. Usishike mlango. Nasema tena, usishike mlango.

Tukija kwenye hali ya hewa, angalia vitu viwili na si kimoja. Wa kwanza ni upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu mtakaa chini siku nzima, na ndivyo inavyotakiwa. Wa pili watu huusahau: maji. Mnapotua ufukweni, kiwanja chenu kinaliwa na bahari. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yakijaa mchanga hubaki ukanda mwembamba wenye minazi upande mmoja na mawimbi upande wa pili. Uliza mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi, kisha uombe nafasi ya saa za kupwa.

Haya, karatasi.

Utakapofika watakupa fomu ya kurasa kadhaa. Watu huisaini wakiwa wameegemea kaunta, mmoja anapiga selfi, mwingine anauliza choo kiko wapi. Ndani yake mara nyingi kuna mambo matatu tofauti: unakiri kwamba unajua mchezo una hatari ya kifo, unaahidi kwamba hutashtaki, na unaachilia kituo na watu wake hata wakizembea. La kwanza halina ubishi. Nguvu ya yale mawili mengine inategemea uko nchi gani.

Chukua kisa cha kijana mmoja wa Colorado, Marekani. Novemba 1973, akiwa na miaka 17, alisaini mkataba wa namna hiyo na kituo cha kuruka. Mwezi uliofuata akatimiza 18. Oktoba 1974 akapanda ndege yao kwenda kuruka, na ndege ikaanguka muda mfupi baada ya kupaa. Hakuumia kwa parachuti. Hata mlango haukuwa umefikiwa. Mwaka 1975 akashtaki, akisema mkataba haukumfunga kwa kuwa alisaini akiwa mtoto kisheria. Mahakama ya Juu ya Colorado ikatoa uamuzi mwaka 1981: ni kweli alikuwa mtoto, lakini alipokwisha kufika 18 na siku ile akapanda ndege kutumia huduma za mkataba uleule, aliuidhinisha kwa vitendo. Akafungwa nao. Na neno "kituo na huduma zake" likahesabiwa kuwa na ndege ndani yake. Mlango uliobaki wazi ulikuwa mdogo: kuthibitisha kwamba haukuwa uzembe wa kawaida bali kutojali kwa makusudi, jambo gumu zaidi mahakamani.

California nako, mwaka 1985, mahakama ya rufaa iliamua kesi ya mwanafunzi aliyeruka mara ya kwanza, akapeperushwa hadi kwenye nyaya za umeme na kuvunjika kifundo cha mkono. Alikuwa ameweka saini na herufi za jina lake kwenye vipengele vya fomu. Akashindwa. Sasa vuka bahari uende Uingereza: tangu sheria ya mikataba ya mwaka 1977, na sasa ile ya haki za watumiaji ya 2015, mfanyabiashara hawezi kwa karatasi kujivua dhamana ya kifo au jeraha lililosababishwa na uzembe wake. Sentensi ileile iliyomzuia mtu Colorado, London ni wino tu. Kwa hiyo binamu yako aliyeko Marekani akikwambia fomu hizo ni za kumaliza kazi tu, na shemeji aliyeko Leicester akikwambia hazina maana, kila mmoja anazungumzia kwake, na yule wa Marekani amekosea hata kwake.

Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, kulindwa afya na usalama wake, na fidia huduma yenye kasoro ikimdhuru. Huo ni msingi wa kusimamia. Lakini kesi ya madai ya kuumizwa kwa uzembe ina muda wa miaka 3, na wakili atakuuliza kitu cha kwanza: fomu iko wapi? Hapo wengi hukwama. Waliisaini, wakairudisha kaunta, hawakubaki na nakala. Piga picha kila ukurasa kabla hujaurudisha. Pigia picha na jina la kampuni lililoandikwa chini, maana la kwenye bango si lazima liwe hilo. Omba kuona idhini yao ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, leseni ya mwalimu, na kadi ya parachuti ya akiba inayoonyesha fundi aliipanga lini. Marekani ya akiba hufunguliwa na kupangwa upya kila siku 180. Ukiona kadi ya mwaka juzi, vua hanesi. Kituo kizuri hakikasiriki ukiuliza. Kinachokasirika kimeshakujibu.

Chini ya miaka 18? Saini ya mzazi si dawa ya kila kitu, na vituo vingi Marekani havimpandishi kabisa. Usimdanganyie mtoto umri.

Bima ni ndugu ya fomu hiyo. Fungua bima yako ya afya ukurasa wa mambo yasiyolipwa na utafute "michezo ya hatari". Mara nyingi kuruka na parachuti kumetajwa humo. Bima inayokuja na uanachama wa chama cha warukaji, Marekani au Uingereza, ni ya kuwalipa wengine: inalipa gari la mtu ulilotua juu yake, si mguu wako. Diani, mfupa mbaya wa paja utataka hospitali ya Mombasa, ama kwa kivuko cha Likoni, ama kwa barabara ya Dongo Kundu. Uliza kabla: ambulensi ni ya nani, inakaa wapi, nani anailipa.

Mengine ni ya busara tu. Pesa za video lipa ukishajua kamera inavaliwa na nani. Usije na ratiba ya ndege ya kurudi Nairobi saa nane mchana, kwa sababu mawingu hayana haraka yako na utaanza kumshinikiza mwalimu. Usimsukume rafiki anayesita, hata kama mmeshalipa. Mtu aliyelazimishwa ndiye anayeshika mlango. Watoto na mbwa wa ufukweni wakae mbali na eneo la kutua. Na wewe ukishatua, ukafunguliwa hanesi, usisimame hapo kupiga picha ukiangalia bahari: kuna wenzako juu yako wanashuka, sogea pembeni kwanza.