Lekcha mpya, darasa la watu mia tano utalijali vipi?

Hii ni kwa ma-TA (wakufunzi wasaidizi) na malekcha wapya wa vyuo vyetu hapa Bongo, hasa nyie mliotupiwa somo la mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa na maiki inakatakata. Majina yote hutayajua, sawa, ila somo unaweza kulipanga ukijua hawa nao wana maisha yao.

Kabla hujatangaza tarehe ya testi muulize CR, yule mwakilishi wa darasa, boom (hela ya mkopo ya kujikimu) limetoka? Usicheke, kwangu hili ndo la kwanza. Mwenye mkopo anahesabiwa elfu 10 kwa siku ya kula na kulala, hadi 2022 ilikuwa 8,500, inakuja kwa mkupuo na ikichelewa watu wanashindia chai na maandazi, halafu wiki hiyohiyo we unataka watoe kopi handauti ya kurasa 80? Tupia PDF kwenye grupu, basi.

Maksi za kozi, yaani testi na kazi za semista, rudisha mapema. Kama chuo chenu kozi ni 40 na UE (mtihani wa mwisho wa semista) ni 60, mwenye 11 anatakiwa ajue semista ikiwa katikati ili ajue anadaiwa 29 kwenye UE kufika 40 ya kufaulu, sio aje kuziona ukutani wiki ya mtihani. Huwezi kuandika maoni kwenye skripti mia tano, so chagua makosa matatu yaliyojirudia uyaeleze darasani dakika kumi. Akija wa kuomba umwongezee, usimwongezee, fungua skripti mkae muone zilipopotelea.

Kwenye semina wakikaa kimya usikimbilie kusema hawajasoma. Wengi wamesoma Kiswahili miaka saba ya msingi, Kiingereza cha kuulizia swali hakitoki mbele za watu. Mruhusu aulize kwa Kiswahili, ukijibu mpe na msamiati wa Kiingereza atakaoutumia kwenye mtihani. Kuna wakubwa idarani watakununia, wavumilie tu.

Mtu akipotea wiki kadhaa mtafute pembeni, usimtangaze kwenye grupu. Mara nyingi ni msiba, ugonjwa, ujauzito au ada. Hapa soma kanuni za mitihani za chuo chako vizuri, maana mtu mwenye sababu nzito anaweza kuomba kuahirisha mtihani au masomo, ila aombe kabla, na wengine wanadisko (wanaondolewa chuo) kwa sababu tu hakuna aliyewaambia. Mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi, we sio daktari wala benki, usianze kukopesha.

Na mipaka iwepo. Mlango wazi mwanafunzi akiwa ofisini, hakuna kuchati saa sita usiku, hakuna "njoo tuongelee matokeo yako" hotelini. Rushwa ya ngono ni jinai, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007, na ukiona mwenzako anafanya usijifanye hujaona. Saa zako za kuonana na wanafunzi zibandike mlangoni, na muda huo uwepo kweli.