Weka cha nyumbani kabla gari halijafika

Huku Bukwo, mashariki mwa Uganda kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wimbo wetu ulikuwa barabara. Kabla ya lami ya Kapchorwa hadi Suam, mvua ikichachamaa, mtu wa Bukwo mwenye safari ya Mbale alivuka mpaka kuingia Kenya, akazungukia Kitale na kuingia tena Uganda kupitia Malaba. Nauli hiyo yote iliongezwa kwenye bei ya sukari na sabuni, huku mahindi yetu yakinunuliwa kwa bei ya kutupa. Sasa lami ipo, lakini njia za kupanda vijijini bado ni udongo. Na mimi mwenye kiduka njia panda naona jingine: gari likifika kwa urahisi, maziwa na mayai huondoka nalo, mtoto akabaki na posho (ugali) na chai ya rangi. Kwa hiyo panga nyumba yako kwa hali zote mbili.

Njia mbovu kwanza. Mvua hushika Machi au Aprili, na mahindi mapya ni hadi mwisho wa mwaka. Miezi ya matope na miezi ya ghala tupu ni ileile. Piga hesabu wakati wa mavuno, kabla hujauza hata gorogoro moja. Watu sita wakila nusu kilo ya maharagwe kwa siku, miezi mitatu inataka kilo 45. Tenga hizo, kinachobaki ndicho cha soko.

Usihifadhi yakiwa na unyevu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia maharagwe hadi robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha maharagwe juani. Ikianguka chini yote, yatie kwenye gunia lile lenye nailoni mbili ndani. Kamua hewa, funga kila nailoni peke yake, na usifunguefungue. Wadudu hukosa hewa wakafa bila dawa yoyote. Liinue gunia juu ya mbao, kwa sababu panya akilitoboa, kazi yote imekwenda.

Mukene, yaani dagaa, nunua kabla ya mvua. Chagua inayong'aa, ya kahawia yenye harufu kali imeshaharibika, na ikikwaruza meno, ujue umelipia mchanga wa ziwa. Isage, uwe unatia kijiko kwenye uji wa mtoto. Weka pia mafuta na chumvi yenye madini joto. Mboga hazifai kusubiri gari hata siku moja: sukuma, mnavu na dodo (mchicha) vikae karibu na jiko, vinyweshwe maji uliyooshea vyakula.

Njia ikiwa nzuri, kazi ni ngumu zaidi, maana adui anakuja na noti mkononi. Mchuuzi anapiga honi, "Mama, trei ngapi leo?" Nani atakataa? Ndiyo maana mayai ya watoto hutolewa kwenye kapu asubuhi, kabla ya honi, na chupa yao ya maziwa hujazwa kabla ya mtungi wa mnunuzi. Kubaliana na baba watoto mapema. Maziwa yakiwa jikoni mama ndiye mgawaji. Yakigeuka pesa ya simu, mgawaji ni mwenye simu.

Mvua ikikaribia, mwombe mhudumu wa VHT, yaani timu ya afya ya kijiji, apime kwa utepe wa utapiamlo mkono wa kila mtoto wa miezi 6 hadi 59. Utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani nyekundu, peleka kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa boda, kwa punda au mgongoni. Njano usiipuuze: kesho inaweza kuwa nyekundu na njia imefungwa.

Kuhusu njia yenyewe, kinachoiua ni maji. Siku ya kazi ya kijiji, zibueni mitaro na mchimbe michepuo ya kuyatoa maji pembeni, badala ya kumwaga udongo mashimoni ukasombwa wiki ijayo. Njia za vijijini ni za sabukaunti, yaani serikali ya ngazi iliyo chini ya wilaya, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukilalamika Mei, fedha zimeshagawanywa. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) apeleke barua mwishoni mwa mwaka wa kalenda uliotangulia, itaje kalavati moja na mahali lilipo. Ambatanisha picha ya punda aliyezama tope hadi tumboni. Ofisini huangaliwa haraka kuliko barua.