Kubadilisha Wairingi ya Land Rover Series III kwa Mikono Yako

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, inamfaa sana mtu anayetaka kubadilisha wairingi ya gari lake mwenyewe, kwa sababu haina kompyuta na karibu kila waya unaweza kufuatwa kwa macho tangu kwenye betri hadi kwenye taa. Shida yake ni kwamba nyingi kati ya zile ambazo bado zinatembea Afrika Mashariki zimepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja aliongeza waya wa rangi aliyokuwa nayo siku hiyo: huu wa redio, ule wa honi ya pili, mwingine haujulikani unakwenda wapi. Kwa hiyo kazi huanza kwa kalamu na karatasi, plaisi baadaye.

Fungua kwanza kichwa cha hasi cha betri. Kisha, kabla ya kukata chochote, zungushia kila ncha ya waya kipande cha tepu ya karatasi na uandike unatoka wapi na unakwenda wapi, halafu piga picha nyuma ya dashibodi na kwenye sanduku la fyuzi. Pale ambapo wairingi ya kiwandani imesalia, rangi zitakusaidia, kwa maana zinafuata utaratibu wa Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari. Kahawia ni moto, yaani umeme, unaotoka kwenye betri bila kupita fyuzi. Nyeupe ni moto unaopatikana ufunguo ukiwashwa. Kijani ni moto huohuo baada ya fyuzi. Zambarau una fyuzi na huwa na moto wakati wote. Nyekundu huenda kwenye taa ndogo, bluu yenye mstari mweupe kwenye taa kubwa za mwanga mrefu, bluu yenye mstari mwekundu kwenye mwanga wa chini, na nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kijani yenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, na yenye mstari mweupe ni ya kulia. Nunua nyaya mpya za rangi hizohizo, hata kama itakubidi kusubiri, kwa kuwa atakayelifungua gari hilo baada yako hatakuwa na karatasi yako.

Unene wa waya haukisiwi. Gawanya wati kwa volti ili upate ampea: taa mbili za wati 60 ni wati 120, na kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea 10. Waya ulioandikwa 28/0.30, yaani wenye nyuzi 28 za milimita 0.30, una milimita za mraba 2 na hubeba takriban ampea 17, hivyo unatosha. Ule wa 14/0.30 hubeba karibu ampea 8, na unafaa taa ndogo na indiketa. Usitumie waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu, ingawa ni rahisi kupatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mtikisiko wa barabara mbovu huukata ndani ya ganda lake, na utatafuta hitilafu hiyo siku nzima.

Kwenye fyuzi kuna mtego ambao umeunguza magari. Fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika ikifika ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni kama ampea 17 tu. Anayefunga sanduku jipya la fyuzi bapa akachomeka ya 35 kwa kufuata namba ya zamani huwa ameruhusu mzigo mara mbili, na waya utayeyuka kabla fyuzi haijakatika. Weka ya 15 au ya 20, kulingana na waya inaoulinda.

Taa kubwa zipitishe kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo, ili swichi ya zamani isibebe mzigo wote. Mguu namba 30 hupokea moto wa betri kupitia fyuzi, 87 huupeleka kwenye taa, 86 huunganishwa na swichi, na 85 na ethi.

Badilisha mzunguko mmoja, uujaribu, ndipo uende kwenye mwingine. Waya wa nyuma hupita ndani ya chasisi, na njia nyepesi ni kufunga kamba imara kwenye ncha ya ule wa zamani kabla ya kuuvuta, ili kamba ibaki ndani na ije kuvuta mpya. Kila tundu la bati liwe na raba yake, na tamino, yaani vichwa vya chuma vya ncha za nyaya, zibanwe kwa koleo lake maalumu.

Ethi ndiyo inayodharauliwa zaidi. Bodi ya gari hili ni ya alumini na chasisi ni ya chuma. Metali hizo zikikutana kwenye unyevu huliana, na taa inayofifia au indiketa inayowaka pamoja na taa ya breki mara nyingi chanzo chake ni hapo. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza boliti, paka grisi, na upeleke waya mweusi kutoka kwenye kila taa hadi chasisi badala ya kutegemea bodi.

Kabla ya kurudisha betri, unganisha balbu ya wati 21 kati ya kichwa cha hasi na waya wake, huku kila kitu kikiwa kimezimwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi izime, na ikikataa kuzima, chunguza nyaya za kahawia. Ikibaki giza, funga betri, washa taa kubwa na upime volti kwenye betri na kwenye taa. Tofauti ikizidi nusu volti, rudi kwenye ethi kwanza.