Kabla ya Kutafuta Dawa ya Mchwa, Kata Nguzo Uone Moyo Wake

Masika yakimalizika Pemba, mkulima anayekuja kwetu huwa na habari ile ile: uzio wa kitalu umelala chini, nguzo za banda zimebaki maganda matupu, mchwa wamemaliza. Anataka dawa. Mimi humwomba kwanza aniletee kipande cha nguzo iliyoanguka, kwa kuwa mara nyingi jibu limo humo.

Mti mpevu ukikatwa kwa msumeno huonesha sehemu mbili. Ya nje ni nyeupe. Ndiyo iliyokuwa ikipitisha maji na kuweka akiba ya wanga. Ya ndani, yenye rangi nzito, ndiyo moyo. Ile ya nje mchwa huila karibu katika kila mti, hata ule unaosifiwa. Tofauti iko moyoni: miti mingine huujaza kemikali za kujilinda ambazo mchwa hazimfai. Msaji, au mtiki kama wengine wanavyouita, umepata sifa yake hapo. Lakini fito ya msaji mchanga bado haina moyo wa maana, ndiyo maana huliwa na mwenyewe akabaki kumlaumu fundi.

Kwa miti yetu ya hapa, mwembe na msufi usiichimbie ardhini hata kidogo. Mnazi ni mgumu pembeni na laini katikati, na hata ule ugumu wake hauvumilii udongo wenye unyevu. Mvinje unapatikana kwa urahisi, ila nguzo nyingi zinazouzwa zimekatwa changa. Mfenesi mzee wenye moyo wa manjano ni mti wa kuaminika, na mwarobaini vilevile. Mikandaa na mikoko ndiyo iliyobeba dari za Mji Mkongwe, na vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Hata hivyo simshauri mtu aende mikokoni kutafuta nguzo za uzio. Mikoko inashika fukwe zetu na ndiyo malezi ya samaki, na kuikata bila kibali cha misitu ni kosa.

Kama huna hakika na mti wako, ujaribu. Chonga vigingi vya unene mmoja kutoka miti tofauti, uvichimbie nusu kwa safu moja kondeni kwako mwanzoni mwa mvua, uving'oe baada ya miezi mitatu. Jaribio hili halina gharama, nami naliamini kuliko orodha yoyote, kwani udongo mzito wa mashamba ya mikarafuu si sawa na ardhi ya mawe ya Micheweni.

Mchwa wa ardhini hawezi kukaa mbali na unyevu, ndiyo maana hujenga vile vijia vya udongo anapopanda nguzo au ukuta. Basi mnyime njia ya kujificha. Nguzo ya banda isimamishe juu ya kitako cha jiwe au zege kinachotokeza walau shubiri moja, menya maganda yote, na kuni zisiegemezwe ukutani. Ukikiona kijia, kikwangue. Kikijengwa upya baada ya siku chache, jua kundi bado linafanya kazi. Ukikuta chini ya kabati chembe kavu kama mchanga mnene na hakuna udongo, huyo ni mchwa wa mbao kavu. Kumwaga dawa ardhini hakumgusi.

Oili chafu ya magari watu wanaipenda, mimi naikataa. Ardhi yetu ya mawe ina nyufa nyingi, na kinachomwagwa shambani huweza kuishia kisimani. Nisikitikacho zaidi ni chupa zisizo na karatasi ya maelezo. Aldrini na dieldrini, zilizotumika sana zamani dhidi ya mchwa, zilipigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu hudumu miaka mingi kwenye udongo na miilini mwetu. Dawa usiyoijua jina usiinunue. Mwulize bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako.

Sasa miche ya mikarafuu. Wengi hufagia shamba likawa jeupe wakidhani wanamfukuza mchwa. Mchwa wengi hupendelea kilichokufa kuliko kilicho hai. Ukiwaondolea majani makavu yote, wanageukia mche, hasa ulionyauka kwa kiu. Acha matandazo, ila yasiguse shina: weka nafasi ya kiganja kuzunguka mche. Kiangazi kikali mwagilia, maana mche wenye nguvu huhimili zaidi. Pita kila wiki. Ukikuta ganda la udongo limepanda kwenye shina, likwangue taratibu usichubue gome, mwagilia, kisha urudi siku ya tatu kuangalia.