Sungura na watoto wadogo: mzazi ajue nini kabla hajaleta mnyama nyumbani

Mtoto wa miaka minne akiomba sungura, anachotaka hasa ni kitu laini cha kukumbatia. Sungura naye hataki kukumbatiwa. Kwa asili ni windo la mwewe, paka na mbweha, kwa hiyo akiinuliwa juu hudhani ameshakamatwa, na hupiga mateke kwa nguvu zake zote. Miguu yake ya nyuma ina misuli mizito na mifupa yake ni myepesi mno. Teke moja akiwa ameshikwa vibaya linaweza kumvunja uti wa mgongo, na akishavunjika huko kwa kawaida hainuki tena.

Kwa hiyo mzazi akubali mapema kwamba mwenye mnyama ni yeye. Mtoto ni msaidizi tu. Sungura akitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12: aliyenunuliwa mtoto akiwa chekechea anaweza kuwepo bado mtoto akiwa sekondari, ameshahamia kwenye simu na mpira.

Wa kununua

Sungura wengi wanaouzwa Kenya na Tanzania ni wa nyama: New Zealand White, California, Flemish Giant na machotara wao. New Zealand White aliyekomaa ana kilo 4 hadi 5, na Flemish huzidi hapo. Mtoto wa miaka mitano mwenyewe ana kilo kama 18. Kile kitoto kinachoenea kiganjani sokoni kitamshinda kubeba kabla mwaka haujaisha. Ukipata Dutch, ambaye huishia kilo 2 hadi 2.5, mchukue huyo.

Usinunue aliye chini ya wiki 6, na wiki 8 ni bora zaidi. Wauzaji hupenda kuleta wa wiki nne kwa kuwa wanavutia watoto, lakini utumbo wao bado haujazoea majani. Hubadilishiwa chakula ghafla, huharisha, na wengi hawamalizi wiki. Angalia macho na pua viwe vikavu, ndani ya masikio pasiwe na magamba, na manyoya ya nyuma yasiwe yamegandamana kinyesi.

Muuzaji akisema "hawa wote majike", mshukuru, kisha hakikisha mwenyewe. Kwa wiki 8 hata mzoefu hukosea, kwa hiyo rudia wakifika wiki 12: ukibonyeza taratibu pembezoni mwa sehemu za siri, dume hutokeza kibomba chenye tundu la mviringo, jike huonyesha mpasuko. Sungura wadogo kwa umbo huweza kushika mimba wakiwa na miezi minne hivi. Mimba huchukua kama siku 31, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa, kwa hiyo anayeanza na dume na jike ajiandae kujenga mabanda. Madume wawili wa tumbo moja huishi kwa amani mpaka wabalehe, halafu huanza kung'atana, na mara nyingi shabaha ni korodani. Kuhasi kunawezekana kwa daktari wa mifugo aliyezoea wanyama wadogo, ambaye kwa kawaida utampata mjini kuliko kijijini. Na dume aliyehasiwa bado anaweza kumpa jike mimba kwa wiki 4 hadi 6 baada ya operesheni. Kwa nyumba nyingi jibu rahisi ni majike wawili wa tumbo moja.

Kuna na hili, ambalo watu hulikwepa. Kama nyumbani mnakula sungura, wa kitoweo wawe banda lao na wasipewe majina. Yule ambaye mtoto amempa jina haingii chunguni, hata Krismasi ikibana. Na akifa, mtoto aambiwe amekufa. "Ametoroka" humfanya akeshe mlangoni akimngoja.

Kumshika

Kumbeba sungura kwa masikio ni desturi ya kila soko, na ni mbaya. Masikio ni ngozi nyembamba iliyojaa mishipa ya damu, na ndiyo anayotumia kupoza mwili; hayakuumbwa kubeba kilo nne. Mtu mzima apitishe mkono mmoja chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele, mwingine ubebe makalio, kisha amlete kifuani upesi ili miguu yote minne iguse mwili wa mbebaji. Kumshusha, atangulize makalio na ainame mpaka chini kabisa, maana wengi huruka wakiona ardhi imekaribia, na ajali nyingi hutokea hapo.

Mtoto aliye chini ya miaka saba asimwinue kabisa. Badala yake tandika mkeka. Sakafu ya marumaru inamtelezesha sungura kwa kuwa nyayo zake ni manyoya matupu, na akiteleza huingiwa na hofu. Mtoto akae mkekani, miguu ameinyoosha, mkononi ana jani refu la mchunga, na asimfuate. Sungura atazunguka ukutani, atasimama, atanyoosha shingo anuse vidole vya miguu ya mtoto huku miguu yake ya nyuma ikibaki tayari kukimbia. Atarudi nyuma. Atakuja tena. Akishaanza kutafuna lile jani, mtoto ampapase paji la uso na katikati ya masikio, kuelekea nyuma. Asiguse tumbo, mkia wala ncha ya pua. Kwa mtoto wa miaka mitatu dakika kumi zinatosha, na mtu mzima awe amekaa hapohapo mkekani. Kuwasikiliza kutoka jikoni si kuwasimamia.

Vidole visipenyezwe kwenye wavu. Sungura haoni kilicho mbele kabisa ya pua yake, hutegemea kunusa. Kidole chenye harufu ya embe kwake ni embe. Ndiyo maana mikono huoshwa kabla ya kumgusa, na tena baada ya kumgusa.

Watoto wakubwa kidogo huiga video za kumlaza chali mpaka "asinzie". Huyo hajasinzia. Ameganda kwa woga. Kumwogesha pia ni marufuku: manyoya hukauka polepole, hupatwa na baridi, na mshtuko peke yake unaweza kumuua.

Mfundishe mtoto ishara chache. Akipiga chini kwa mguu wa nyuma, kuna kitu kimemtisha. Akilaza masikio nyuma na kuguna, aachwe. Akiruka na kujipinda hewani, amefurahi. Akijikunyata pembeni huku anasaga meno kwa sauti, ana maumivu, mtoto aite mtu mzima.

Chakula na kinyesi

Karoti ni ya kwenye katuni. Chakula cha sungura ni nyasi, zaidi ya robo tatu ya kila anachokula, na ziwepo mchana na usiku. Meno yake ya mbele hukua karibu milimita 2 kila wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi. Zikikosekana, meno hupita kiasi, hujikunja, na anashindwa kula. Mpe Rhodes kavu, nyasi za malisho zinazouzwa kwa wafugaji, au nyasi za mahali ambapo mbwa hawaendi na dawa haijapulizwa. Juu yake ongeza konzi moja au mbili za majani: mchunga, matembele, kishona nguo, giligilani. Sukuma wiki na kabichi ziwe kidogo sana kwa sababu ya gesi. Pelleti, yaani chakula cha dukani cha punje zilizoshindiliwa, ni gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zipimwe. Karoti ni kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki. Ugali, mkate, pumba na biskuti hapana, na hapa ndipo watoto wanapotakiwa kuangaliwa, kwani hugawana naye walicho nacho mkononi. Parachichi, tunda na majani yake, majani ya nyanya, majani ya viazi mviringo na kisamvu kibichi ni sumu.

Wafugaji wengi husema nyasi zenye umande zinaua. Umande wenyewe hauna kosa. Kinachoua ni nyasi zilizorundikwa mbichi zikapata joto na kuchacha, au zilizookotwa chini ya banda zikiwa na vijidudu vya koksidia kutoka kwenye kinyesi. Tandaza nyasi zipepee. Ukiingiza mkono katikati ya rundo ukakuta joto, tupa.

Siku moja mtoto atakuja mbio kusema sungura anakula mavi. Ni kweli, na ni afya. Hutoa kinyesi cha aina mbili: kile kikavu cha mviringo, na kingine laini kilichoshikamana mithili ya kichala cha zabibu, ambacho hukila moja kwa moja kutoka nyuma ili apate vitamini na protini. Mkojo nao unaweza kuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu kutokana na majani aliyokula. Akiwa anakula na kuchangamka, usihangaike.

Kazi nzuri kuliko zote ya kumpa mtoto wa miaka mitano ni ukaguzi wa kinyesi kila asubuhi. Wanaipenda kupita maelezo, na ndiyo kipimo kikuu cha afya. Vidonge vikiwa vidogo au vichache, kuna tatizo. Sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa saa 12 ni dharura: utumbo umesimama, gesi inajaa, na hawezi kutapika. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Banda, joto na dawa

Banda liwe na nafasi ya miruko mitatu mfululizo na kimo cha kusimama bila masikio kugusa paa. Sakafu ikiwa ya wavu, nusu yake ifunikwe ubao, la sivyo nyayo huchubuka. Komeo liwe juu, mtoto asipofika. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye oili chafu kuzuia siafu, na makopo hayo yafunikwe pembeni watoto wasichezee. Maji yawe kwenye bakuli zito. Sungura wa kilo 2 hunywa mililita 100 hadi 300 kwa siku.

Kuanzia nyuzi 28 hivi joto humtesa, na Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hupita hapo. Weka makuti juu ya bati, na ndani chupa ya maji yaliyoganda iliyoviringishwa kitambaa. Akihema mdomo wazi na kulala bila nguvu, lowesha masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, kisha daktari.

Nzi hutaga kwenye manyoya machafu na ndani ya siku moja funza huanza kumla, hivyo nyuma pakaguliwe kila siku. Ukurutu na mapunye huweza kumpata mtoto pia. Mkiwashwa wote, mtibiwe wote. Usimpake sungura dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronil, wala usimpe amoksilini ya kumeza iliyobaki nyumbani: zote mbili zinaweza kumuua. Mtoto akikwaruzwa, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kidonda kikivimba nendeni kituo cha afya.

Mkisafiri, sungura asiachwe na bakuli lililojazwa. Jirani aje mara mbili kwa siku, aachiwe pelleti zilizofungwa kwa mafungu ya siku, nyasi za kutosha na namba ya daktari, na aambiwe wazi kwamba asipokuta kinyesi asubuhi, apige simu.